Upawa Wenye Uzi Mwekundu

Jumamosi ile Frida aliamka akiwa amechoka tayari. Wadogo zake pacha, wenye umri wa miezi mitatu, walikuwa wamelia kwa zamu tangu jana yake, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Hawakujua, wala hawakujali, kwamba dada yao anasoma darasa la sita na kwamba mtu wa darasa la sita naye huhitaji usingizi.

Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Iringa ya mwezi wa sita haina adabu. Frida alijifunga kanga ya mama yake juu ya sweta, akachukua ndoo mbili, akaenda bombani. Aliporudi alibandika uji, akafua nepi za pacha na kuzianika huku vidole vikiwa vimekufa ganzi. Baba yake, Philbert, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Mafinga na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mama yake, Evarista, alisumbuliwa na mgongo tangu alipojifungua, hata ndoo hakuweza kuinua. Kazi ambazo zamani ziligawanywa kwa watu watatu sasa zilimwangukia mmoja, na huyo mmoja alikuwa na miaka kumi na miwili.

Siku hiyo alikuwa na kazi nyingine ya ziada. Mwalimu Bartholomeo, anayewafundisha Kiswahili, alikuwa amewapa insha ya vyakula vya vibandani. Kila mwanafunzi alitakiwa kutembelea vibanda vitano, aulize kila mpishi anajulikana kwa chakula gani, kinapikwaje, na kwa nini wateja wanakipenda. Sehemu za kwenda zilipigiwa kura. Waliobahatika walipata soko kuu, karibu na nyumbani. Frida aliokota karatasi iliyoandikwa Ipogolo, chini kabisa ya mlima, kwenye barabara kuu ambako malori husimama. Kuteremka si taabu. Taabu ni kurudi, na tangu alipoisoma ile karatasi Frida alikuwa akiufikiria mlima.

Mama yake alimpa kiazi kitamu cha kuchemsha akiwa njiani kutoka. Alimwambia asikawie, maana mchana alimtegemea. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu ambaye mwenyewe hana nguvu za kusema mara mbili.

Ipogolo ilikuwa imeamka kitambo. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara, mengine yakielekea Mbeya na mpaka wa Tunduma, mengine yakirudi Dar es Salaam, na nyuma yake moshi wa majiko ulikuwa unapanda kutoka vibanda vitano vya mbao na mabati. Frida alisimama akavuta harufu, akajisikia njaa licha ya kile kiazi.

Alianzia kwa Rozalia, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyemsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," naye akaitikia vivyo hivyo. Rozalia alijulikana kwa ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga za kutwanga. Alisema siri yake ni kuyamenya majani nyuzi zake moja moja, kazi ambayo wapishi wavivu huikwepa, na mlaji akizikuta kooni ndipo hujua amepikiwa na nani. Kibanda cha pili kilikuwa cha Mama Gwakisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyepika ndizi na nyama ya ng'ombe katika chungu kimoja kikubwa. Ndizi zake zililetwa na mabasi ya Mbeya, na aliapa kwamba ndizi za mahali pengine popote ni za kulishia mifugo. Cha tatu kilikuwa cha Amos, kijana wa chipsi mayai, ambaye hakuwa na siri yoyote ila mafuta yenye moto mkali na mdomo usiopumzika.

Cha nne kilikuwa cha Jailos, ambaye alijulikana kote barabarani kwa nyama ya nguruwe, yaani kitimoto, iliyokaangwa na kuliwa na ndizi za kuchoma. Jailos alimweleza Frida jinsi anavyoichemsha kwanza kwa tangawizi kabla ya kuikaanga. Alipenda kutaniwa na kutania, akamuuliza kama insha hiyo itamfanya awe maarufu hadi Dodoma.

Wapishi hao wote walikuwa wanachangia bomba moja na kichanja kimoja cha miti cha kuanikia vyombo. Zamani waligombana sana juu ya vijiko na sufuria, mpaka wakakubaliana kila mmoja afunge uzi wa rangi yake kwenye mikono ya vyombo. Rozalia alichukua mweupe, Mama Gwakisa wa bluu, Amos mweusi, Jailos mwekundu. Frida aliona jambo hilo linafaa kuandikwa, akaandika katika daftari lake: *Jailos, kitimoto, uzi mwekundu.*

Alipofika kibanda cha tano jua lilikuwa karibu na utosi na miguu ilikuwa inamuuma. Hapo ndipo alipopika Bi Jaha, mama mtu mzima ambaye babu yake alikuja Iringa kutoka pwani kufanya biashara ya nguo na hakurudi tena. Bi Jaha alifunga vyombo vyake uzi wa kijani, lakini kwenye kichanja hakuweka hata kijiko. Vyote vilikaa kwenye beseni lenye mfuniko ndani ya kibanda chake.

"Shikamoo, bibi," Frida alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, unaonekana umechoka kuliko mimi, na mimi niko kwenye miguu tangu alfajiri."

Frida alikaa kwenye kigoda, akaufurahia moto. Bi Jaha alimwambia chakula chake ni wali na mbuzi wa nazi. Nazi zilitoka pwani, na aliyemletea ni dereva mmoja aitwaye Muharami, ambaye kila akipanda na lori humwekea gunia nyuma ya kiti. Madereva wengi wa malori ni Waislamu, alieleza Bi Jaha, na njiani kote si rahisi kujua nani amepika nini katika sufuria gani. Wengine hushinda na maji na biskuti kutoka Morogoro mpaka hapo, wakijua kwamba kwa Bi Jaha hawana haja ya kuuliza. Alilisema hilo bila majivuno, huku akichuja tui. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha adhana ya Adhuhuri ikasikika kutoka msikiti mdogo ng'ambo ya barabara. Bi Jaha alikuwa ndiyo kwanza amelimimina tui juu ya nyama. Tui la nazi lisipokorogwa mpaka lichemke hukatika, likabaki maji na mafuta, na mchuzi wa namna hiyo hata paka huunusa akaenda zake. Siku zote binti ya Rozalia ndiye aliyemshikia upawa wakati wa swala, lakini siku hiyo alikuwa amekwenda Kalenga kwenye msiba.

"Nikorogee hapa, mwanangu, nisali nirudi," alisema Bi Jaha. "Taratibu, upande mmoja, usiache. Ukihitaji upawa mwingine uko ndani kwenye beseni. Pale kwenye kichanja usichukue kitu."

Frida aliitikia. Kwa kweli alitaka kukataa. Mkono ulikuwa mzito na macho yalikuwa yanamwasha, lakini ungemwambiaje mtu mzima aliyekukaribisha kwamba umechoka kukoroga? Aliushika upawa, akaanza.

Alikoroga vizuri mwanzoni. Mvuke ulimpanda usoni, wenye harufu ya binzari na nazi, na joto la moto likamwingia mifupani baada ya baridi ya asubuhi nzima. Kichwa kikaanza kumwinama. Alijizindua mara ya kwanza, akajizindua mara ya pili, mara ya tatu hakujizindua. Kilichomwamsha ni kishindo kidogo: upawa ulikuwa umemponyoka, ukaangukia mtaroni, kwenye tope na maji ya vyombo.

Alitazama sufuria. Pembeni mchuzi ulikuwa unaanza kutokota, na katikati tui lilikuwa linafanya vidonge vidogo. Beseni la Bi Jaha lilikuwa ndani, nyuma ya gunia la mchele ambalo lilihitaji kusogezwa. Kichanja kilikuwa hatua mbili. Frida alinyoosha mkono, akachukua upawa wa juu kabisa, akakoroga.

Uzi aliuona. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuuona. Aliuona mwekundu kabisa ukining'inia karibu na kidole chake, akajua si wa kijani, na akili yake iliyochoka ikamwambia kwamba upawa ni upawa, mradi tui lisikatike. Halikukatika. Vile vidonge viliyeyuka, mchuzi ukachemka mzito na mweupe, Frida akashusha pumzi. Akaingia ndani, akalisogeza gunia, akatoa upawa wa pili wa kijani kutoka beseni, na ule mwekundu akaurudisha mahali pake. Bi Jaha aliporudi aliutazama mchuzi na kuunusa, akaridhika, akamwambia ana mkono wa mpishi. Frida alimwambia kwamba upawa wa kwanza ulimponyoka ukaangukia mtaroni. Bi Jaha alisema haidhuru, akaingia ndani kupakua wali.

Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli.

Wakati huo Jailos alikuja kwenye kichanja kuchukua vyombo vyake. Akaushika upawa wake, akautazama, akacheka peke yake. "Nani kapikia tui upawa wangu?" aliuliza, kama anauliza hewa. "Nilikuwa nimeusuuza tu, sijautoa mafuta ya nguruwe." Aliufuta kwa kitambaa, akaondoka nao akipiga mluzi, uzi mwekundu ukicheza mkononi.

Frida alihisi baridi ya asubuhi imemrudia yote. Alifungua daftari ingawa hakuhitaji kulifungua. Kwa mwandiko wake mwenyewe yalikuwa yameandikwa yale maneno manne. Hakuna mtoto wa Iringa asiyejua kwamba Mwislamu hali nguruwe. Shuleni kwao, siku za sherehe, vyakula hupikwa kwenye sufuria mbili, na hata watoto wa darasa la kwanza hawakosei foleni. Yeye alijua hayo yote, na mkono wake ulikuwa umekwenda kichanjani hata hivyo.

Alijaribu kujituliza. Jailos hakujua nani aliyeutumia. Bi Jaha hakusikia. Mchuzi ulionekana vile vile na ulinukia vile vile. Akikaa kimya, baada ya nusu saa utakuwa umeliwa na habari itakuwa imekwisha, naye ataupanda mlima wake kwenda kwa mama. Akisema, sufuria nzima ya mama huyu aliyesimama tangu alfajiri itaharibika, na jina lake la miaka kumi na tisa pengine litaharibika pamoja nayo. Frida alijiona mdogo sana na mchovu sana kwa jambo kubwa namna hiyo. Alitamani alale pale pale chini na aamkie kwao.

Madereva watatu walikuja kutoka msikitini. Wa mbele alikuwa Muharami mwenyewe, mzee mrefu mwenye kofia, macho mekundu kwa barabara. Nyuma yake walikuwa Abdul, kijana wa miraba minne, na mwenzake mmoja. Walinawa, wakakaa kwenye benchi. Muharami alimuuliza Frida kama yeye ndiye mpishi mpya, akasema kwamba tangu jana jioni ameonja chai tu. Alikuwa ameitunza njaa yake kwa ajili ya sufuria hii.

Bi Jaha alipakua wali, akamwagia mchuzi, akaweka sahani ya kwanza mbele ya Muharami. Muharami alisema bismillahi, akakusanya tonge.

Frida hakuamua. Alijikuta amesimama, na mikono yake imeivuta sahani ya mzee kutoka mezani, mchuzi ukamwagikia gauni lake. Wote wakamtazama. Tonge lilibaki vidoleni mwa Muharami, hewani.

"Usile, babu," Frida alisema. "Nimeukoroga kwa upawa wa Jailos."

Muharami aliliweka tonge chini ya benchi polepole, akanyoosha mkono pembeni asiguse nguo. Bi Jaha aliuweka upawa juu ya meza. Alimuuliza Frida kwa sauti ya kawaida kabisa kama ana uhakika, na Frida akamsimulia yote: usingizi, mtaro, tui lililotaka kukatika, kichanja, uzi. Hata kwamba uzi aliuona alisema. Alipofika hapo alilia, na alilia vibaya, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alijionea aibu.

Bi Jaha aliifunika sufuria. Aliwageukia madereva akawaambia wamesikia wenyewe, na kwamba kosa ni lake yeye aliyemwachia mtoto sufuria, akawaomba radhi.

"Bi Jaha, mimi sikulaumu," alisema Abdul, huku akiinuka. "Lakini leo kasema. Nitajuaje kama juzi haikuwa hivi?"

Abdul na mwenzake walivuka barabara kwenda kwenye malori yao, njaa yao ikiwa tumboni, na Frida akamwona Bi Jaha akikaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza siku ile. Alikaa kama mzigo ulioshushwa. Frida alitamani amkemee, hata amchape.

Muharami hakuondoka. Alikwenda bombani akanawa kwa muda mrefu, akarudi, akauliza kama wali ule ulikuwa umeguswa. Haukuguswa, ulikuwa na sufuria yake na kijiko chake. Akaomba apewe huo, na maharage kama yapo. Yalikuwepo ya asubuhi, yamepoa. Mzee aliyeitunza njaa yake tangu jana alikula wali na maharage baridi bila kulalamika, akanywa maji, akashukuru. Kabla ya kupanda lori alimtazama Frida kidogo, akasema tu, "Asante kwa kuichukua sahani yangu."

Habari ilienea vibandani kabla mchuzi haujapoa. Jailos alikuja mbio, safari hii bila mluzi. Aliomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyekoroga, akasema siku zote alijua kichanja kile ni cha hatari na alikuwa mvivu wa kujenga chake. Bi Jaha alimwambia mchuzi usimwagwe, maana mbuzi yule hakuwa na kosa. Wateja wanaokula kwa Jailos wanaweza kuula. Basi Jailos, Rozalia na Mama Gwakisa walileta sufuria zao, wakagawana mbuzi wa nazi wa watu wengine, na mchana ule wapasua kokoto wa Ipogolo walikula chakula ambacho hawakukiagiza.

Ikabaki sufuria tupu. Bi Jaha alimwambia Frida aende kwao, mama yake atakuwa anamngoja. Frida alifuta pua, akauliza sufuria itaoshwaje.

"Mara saba," alijibu Bi Jaha. "Ya kwanza kwa udongo safi na maji. Ndivyo tulivyofundishwa. Sufuria, na upawa ule niliopakulia, na sahani ya mzee."

Frida alichukua ndoo. Alikwenda kuchimba udongo safi nyuma ya vibanda, mbali na majitaka, kisha akaanza safari za bombani. Bi Jaha alisugua, yeye akateka. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndoo ya nne mabega yalikuwa yanawaka. Ya tano alisimama njiani, akaitua ndoo, akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu mzima.

"Bibi, nimechoka. Siwezi ya sita kabla sijapumzika."

Bi Jaha aliacha kusugua. Alimwita akae, akampa chai ya rangi, akamuuliza kwao wako wangapi. Hapo ndipo Frida alipomweleza habari za pacha, za mgongo wa mama, za baba aliyeko Mafinga, na za ndoo na nepi. Bi Jaha alisikiliza huku mikono yake, yenye udongo mpaka viwikoni, imepumzika magotini.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, Muharami amechoka, mama yako amechoka. Kosa ni kwamba ulichoka ukanyamaza. Nilipokupa upawa ungeniambia, 'Bibi, ninasinzia,' ningemwita Rozalia, na sasa hivi watu wangekuwa wanakula. Mtu aliyechoka akinyamaza, mikono yake huanza kumtafutia njia fupi. Lakini la pili ulilifanya vizuri, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Ulisema kabla tonge halijafika mdomoni. Ungesema jioni, ningekuwa nimewalisha watu wangu haramu bila kujua, na hilo hakuna maji ya kulioshea."

Frida alimaliza chai. Wakamaliza ya sita na ya saba pamoja, kila mmoja ameshika upande wake wa ndoo. Kisha Bi Jaha akafunga wali mweupe kwenye bakuli, akamwambia ampelekee mama anayenyonyesha, na amwambie kwamba siku moja atapanda mwenyewe kwenda kumjulia hali. Mlima ulikuwa mrefu kama alivyouogopa. Frida aliupanda akipumzika mara tatu, na kila alipopumzika hakuona aibu.

Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu, na akaongeza lile jambo jipya, kwamba amechoka. Evarista alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayekiona kitu kilichokuwa mbele yake siku zote. Jioni ile ile alimtumia dada yake wa Kihesa ujumbe, na kuanzia Jumatatu mama mdogo akawa anakuja asubuhi kuteka maji. Frida akalala mpaka saa kumi na mbili.

Bi Jaha hakuwa na wiki njema. Abdul alikuwa amesimulia habari ile njiani, na malori kadhaa yalipita bila kusimama. Alipika sufuria ndogo, na bado ilibaki. Frida alilijua hilo Jumamosi iliyofuata aliposhuka tena Ipogolo, kwa sababu sehemu ya tano ya insha yake ilikuwa tupu na kwa sababu hakuweza kukaa mbali. Alikuta Jailos amejenga kichanja chake mwenyewe upande wa pili wa kibanda chake, kimepinda kidogo, lakini ni chake. Alimkuta Bi Jaha anakoroga tui peke yake, akamsalimia, akakaa kwenye kigoda.

Malori matatu yakasimama mfululizo. Kwenye la kwanza aliteremka Muharami, akirudi kutoka Tunduma. Kwenye la pili aliteremka Abdul, akikwepa kumtazama mtu. Wengine wawili hawakujulikana hapo. Muharami alinawa, akakaa kwenye benchi lile lile.

"Nimewaleta," alimwambia Bi Jaha. "Huyu Abdul aliuliza atajuaje kama juzi haikuwa hivi. Swali zuri, lilinisumbua njia nzima mpaka mpakani. Nikamjibu tulipokutana Tunduma. Nimekula vibanda vingi kwenye barabara hii. Ni kibanda kimoja tu ambako niliporwa sahani mkononi nisije nikala kisichonifaa. Kama hapo si mahali pa kula, basi sijui ni wapi."

Abdul alikuna shingo, akasema kwamba amekuja na njaa. Bi Jaha alipakua. Mchuzi ulimwagika ukingoni mwa sahani, na yeye hakujali. Alipomaliza kuwahudumia wote alifuta uso kwa upande wa mtandio, akaja kukaa karibu na Frida.

"Bibi," Frida alisema akifungua daftari, "Mwalimu anataka niandike chakula chako kinajulikana kwa nini. Niandikeje?"

Bi Jaha alifikiri huku akiwatazama wateja wake wakila. Alikuwa bado amechoka, ilionekana kwenye mabega, lakini ulikuwa uchovu wa mtu anayejua kwamba jioni atalala.

"Andika kwamba mbuzi wa nazi wa Bi Jaha hukorogwa kwa upawa wenye uzi wa kijani," alisema. "Halafu andika kwamba siku moja haikuwa hivyo, na aliyetuambia ni wewe. Usiifiche hiyo sehemu ya pili, mwanangu. Watu wanakula hapa leo kwa sababu ya hiyo."

Frida aliandika yote mawili. Kisha Bi Jaha akamimina tui katika sufuria ya pili, na adhana iliposikika akajiandaa kwenda kusali, akamnyooshea upawa, na kabla hajauachia akamuuliza kama amechoka. Frida alijipima, akajibu kwamba leo hajachoka, na akaanza kukoroga, taratibu, upande mmoja.